Kazi Mbili Zilizoitwa Pima

Sofu, Kibaha
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshatoka shambani, umenawa, na miguu umeinyoosha barazani kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakujua, utaisoma umesimama huku unachochea kuni. Goti linaendeleaje? Na Baba, bado anakohoa asubuhi, au ile asali na tangawizi imemsaidia? Lile bati la jikoni lililokuwa linavuja, kaka ameshapanda kulitengeneza au bado anasema wiki ijayo? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nguo zangu zimeanza kunibana, kwa hiyo usianze kuhangaika kabla hujafika ukurasa wa pili.

Najua unangoja maelezo. Ulipopiga simu ile Jumanne ukasikia sauti yangu imekuwa nzito, nilikwambia ni mafua. Nilikudanganya, Mama, unisamehe. Nilikuwa nimemtwika mtu kosa langu na nilikuwa naogopa kulichukua. Kwenye simu nisingeweza kueleza, maana wewe ukianza kuuliza maswali salio linakwisha kabla sijafika katikati. Ndiyo maana leo nimekaa chini na daftari, na kesho alfajiri nitampa kondakta wa basi la Tabora akuletee.

Kwanza nikupe picha ya kazini, kwa sababu ukiniuliza huwa nakujibu kwa kifupi mno. Karakana yetu iko hapa hapa Sofu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, dakika tano kutoka chumbani kwangu. Tunatengeneza mashine za kutotoleshea vifaranga. Unapenda kunicheka kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili nije kumfanyia kuku kazi yake, na mimi sibishi, ndiyo kazi yenyewe. Mafundi wanatengeneza sanduku, trei na feni. Mimi naandika maagizo yanayoiambia mashine ipashe joto wakati gani na iache wakati gani. Nimeipenda kazi hii. Asubuhi nikifungua mlango nikasikia harufu ya mbao na ya pumba, moyo wangu unatulia.

Mwenye karakana ni Mama Koku, mtu wa Bukoba, mstaafu wa idara ya mifugo. Ni mpole, lakini hana mchezo. Alinipokea kwa mkataba wa majaribio, na mwezi huu ndio alikuwa aamue kama niajiriwe moja kwa moja. Hilo likumbuke, maana ndilo lililonifunga mdomo.

Mwenzangu wa meza ya pili ni Mzee Kondo. Huyu ni Mzaramo wa Msimbu, huko Kisarawe, alikuwa fundi redio kabla sijazaliwa, na uzeeni amejifunza kuandika maagizo ya mashine kwa kunitazama mimi na kuuliza. Hajui Kiingereza, ila kichwa chake ni chepesi kuliko cha vijana wengi niliosoma nao. Siku ya kwanza alipojua mimi ni Mnyamwezi, alisimama, akanivua mkoba begani, akasema mtani wake amechelewa sana kuja kazini, mizigo imelundikana. Tangu hapo mimi ni mpagazi. Na mimi namwambia Wazaramo wameuza mashamba yote wakanunulia ngoma. Akinikuta nakula ananinyang'anya nusu, nikimkuta na kofia mpya naivaa mimi mpaka jioni. Unajua utani wetu na watu hawa ulivyo, Babu alikuwa akitusimulia. Hakuna kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka zaidi.

Mama Koku hakuwahi kutuelewa. Kwao, anasema, watu wanataniana ukoo na ukoo, si kabila na kabila, na hata hivyo kwa kiasi. Akitusikia tunarushiana maneno alikuwa anafunga mlango wa ofisi yake taratibu.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, nitalieleza polepole. Maagizo ya mashine tunayaandika kwenye mafaili. Ndani ya faili kila kazi ina jina lake. Ukiandika jina tu, mashine inakwenda kutafuta maagizo yaliyo chini ya jina hilo na kuyafanya yote. Mama Koku alitoa amri tangu zamani kwamba majina yote yawe ya Kiswahili, tena mafupi, ili fundi yeyote akifungua faili aelewe. Kwa hiyo kuna kazi inaitwa pasha, nyingine geuza, nyingine zima, na nyingine lia, hiyo ni kengele. Faili la joto niliandika mimi. Ndani yake kuna kazi inaitwa pima, inayosoma kipimajoto. Faili la unyevu aliandika Mzee Kondo. Naye, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha unyevu, akaiita pima. Mtu angeiita nini tena?

Miezi yote iliyopita haikuwa shida, maana bodi za zamani zilikuwa na nafasi na kila faili lilikaa peke yake. Pima ya joto ilibaki kwenye joto, pima ya unyevu kwenye unyevu. Lakini tulipata bodi mpya, ndogo kama kiberiti, na isingeweza kubeba mafaili yale kama yalivyo. Ikabidi niyaunganishe yote na kuyakompaili, yaani kuyageuza kuwa kitu kinachoitwa baitikodi, maandishi mafupi ambayo mtu hawezi kuyasoma lakini mashine inayafuata upesi. Yakishaunganishwa, hayana tena uzio kati yake. Pima iliyokuja ya pili ikaifunika ya kwanza. Joto linapoita pima, linaletewa kipimo cha unyevu, na linakiamini.

Programu ya kukompaili iliniambia. Mama, hapo ndipo penye kosa. Ilikuwa na tabia ya kutoa maonyo mengi ya Kiingereza kwa mambo madogo madogo, ukurasa mzima, mpaka nikachoka nayo nikayazima yasionekane. Katika karakana nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na uwezo wa kuyasoma maonyo yale, na mimi ndiye niliyeyafungia.

Ijumaa nikaijaribu mashine ikiwa tupu. Sikujisumbua kuweka maji kwenye sinia la chini. Hewa ndani ya sanduku, ambalo asubuhi lilikuwa limepashwa na bodi ya zamani bila maji, ilikuwa imekauka, na unyevu umeshuka mpaka thelathini na saba. Na joto la mayai tunalolitaka ni thelathini na saba na nusu. Nikaona thelathini na saba kwenye kioo, nikafurahi, nikazima nikaenda kula. Sikuwa naangalia joto hata kidogo, nilikuwa naangalia ukavu wa sanduku tupu.

Maagizo yale nikayaweka kwenye kadi, na Jumamosi Mzee Kondo akaenda nayo nyumbani kwao Msimbu. Huko kikundi cha akina mama kina mashine yetu, na kiongozi wao ni Bi Tatu, mdogo wake Mzee Kondo wa tumbo moja. Tulikubaliana wao ndio wawe wa kwanza kupata bodi mpya. Mzee Kondo akafunga bodi, akamwonyesha dada yake pa kuchomeka kadi, akamwambia aichomeke Jumatatu alfajiri akishaongeza maji, kisha yeye akawahi gari la kurudi Kibaha. Ndani ya mashine kulikuwa na mayai ya nyumba karibu zote za kitongoji, ya kuku wa kienyeji, na yalikuwa yamebakiza siku nne.

Jumatatu saa tatu Bi Tatu akapiga. Mzee Kondo aliweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na gundi, kwa hiyo tulisikia wote. Mashine ilikuwa inalia tangu alfajiri kwamba imezidi moto, kioo kinaonyesha sitini na moja. Akina mama walikuwa wamefungua mlango na kuyapepea mayai kwa kanga zao ili wayaokoe. Wamepepea, wamepokezana, namba haishuki. Mwishowe Bi Tatu akachukua yai akaliweka shavuni, akaona limepoa kabisa. Akauliza, aamini mashine au aamini shavu lake?

Mzee Kondo akamwambia aamini shavu. Wakaanza kupanga upesi: chupa za maji ya moto, blanketi, na kuku wote wanaoatamia kitongojini waongezewe mayai chini yao. Wakati huo Mama Koku akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Na mimi, Mama, kwa mazoea tu, kabla akili haijafika mdomoni, nikasema:

"Umempa Mzaramo mayai ya watu, ulitegemea nini? Ameyapeleka kwenye ngoma."

Mzee Kondo hakuinua hata uso. Akajibu kama anavyonijibu kila siku, "Kweli, nimeyapika mwenyewe. Nangoja mpagazi alete chumvi."

Kwetu sisi lilikuwa limeishia hapo. Lakini nilimwona Mama Koku amesimama, anamtazama Mzee Kondo, halafu anaitazama simu ambayo bado ilikuwa wazi. Aliamini tulichosema. Akaichukua ile simu, akajitambulisha kwa Bi Tatu, akamwomba radhi kwamba fundi wake amekosea na kwamba fundi huyo hatagusa tena mashine yao. Kisha akamwambia Mzee Kondo aache mambo ya maagizo, arudi kwenye trei na misumari.

Nilingoja Mzee Kondo ajitetee. Hakujitetea. Wiki iliyotangulia alikuwa amerekebisha faili lake la unyevu, na nadhani moyoni alihofia kweli ni yeye. Halafu angeanzia wapi? Amwambie bosi kwamba alichokubali kwa kinywa chake dakika moja iliyopita kilikuwa mchezo, na mayai ya watu yanapoa? Aliosha gundi mikononi akaenda kutoboa matundu ya trei.

Mchana ule nikafungua yale maonyo niliyoyazima. La saba kutoka juu lilisema wazi kwamba jina pima limetajwa mara mbili na la kwanza limefutwa. Nililisoma mara nyingi kama vile lingebadilika. Badala ya kuinuka niende ofisini, nikarekebisha, pima ya joto nikaiita pima_joto, ya unyevu nikaiita pima_unyevu, nikakompaili upya, nikampa dereva wa karakana kadi mpya aipeleke Msimbu kabla ya jioni. Nikanyamaza. Nilikuwa naufikiria mkataba wangu. Nilijiambia mayai yakitotoa salama hakuna atakayeuliza tena, na Mzee Kondo ni mtani, atasahau.

Ukanipigia Jumanne asubuhi nikiwa katika hali hiyo. Uliniuliza kama nimekula, kisha ukaniuliza tunaishije kazini na yule mzee wangu Mzaramo, ukasema nimpe salamu. Nikakwambia nina mafua. Ulipokata, niliona aibu, nikavaa viatu nikatoka kwenda karakana.

Nilimkuta Mzee Kondo peke yake, anapiga trei msasa. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akasema leo mpagazi ameamka na adabu, nani amemfunza. Nikarudia. Akanitania tena. Ikabidi nimshike mkono nimlete kwenye kompyuta, nikamwonyesha mstari ule, nikamtafsiria neno kwa neno. Alivaa miwani yake, akautazama ingawa hausomi. Akauliza, "Hii ilikuwapo tangu lini?" Nikamwambia tangu Ijumaa. "Na wewe umeiona lini?" Nikamwambia jana mchana.

Alivua miwani, Mama, akaikunja polepole. Kisha akasema:

"Mama Koku si kitu, ataniamini kesho au keshokutwa. Lakini Tatu hapokei simu yangu tangu jana. Nimemlea mimi yule. Leo anaambiwa na mtu baki kwamba kaka yake ameharibu mali ya kitongoji, na kitongoji kizima kimesikia."

Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha atanipa, lakini hautoshi, kwa sababu waliosikia uongo ule ni wengi na yeye akiwaambia ukweli watasema anajitetea. Nikaseme mwenyewe Msimbu.

Nikaenda kwanza kwa Mama Koku. Nilimweleza yote, hata la kuzima maonyo, hata la kunyamaza. Alinisikiliza bila kunikatisha. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo siku ile mlikuwa mnacheza?" Nikasema ndiyo, mama. Akaniambia kosa la jina kujirudia analielewa, hata yeye ndiye aliyetaka majina mafupi. Kunyamaza ndiko asikokuelewa. Kisha akamwita Mzee Kondo, akamwomba radhi mbele yangu, na akatupatia pikipiki ya karakana. Kuhusu mkataba wangu hakusema lolote, na sikuthubutu kuuliza.

Tulipita Kisarawe mjini tukashika barabara ya vumbi mpaka Msimbu. Mzee Kondo aliendesha bila kunitania hata mara moja, na njia ikawa ndefu. Tulipofika kwa Bi Tatu, yeye alibaki nje, amesimama na pikipiki juani. Alisema hataingia uani kwa dada yake mpaka aitwe.

Ndani walikuwa akina mama wanane au tisa wanamenya mihogo. Niliwaamkia, wakaniuliza mimi ni nani, nikasema natoka karakana, Mnyamwezi wa Tabora. Hapo nikawa nimejiponza. Vigelegele vilipigwa, mmoja akanivua viatu akavaa yeye, mwingine akanipa kisu na furushi la mihogo, akasema mpagazi asikae bure. Nikawaambia nimekuja kuungama, mayai nimeyaharibu mimi, si Kondo. Wakacheka zaidi.

Mama, sikuwa nimelifikiria hilo njia nzima. Walidhani Mzee Kondo amemleta mtani wake ambebee aibu, kama watani wanavyofanya msibani, wanapojitwika yasiyowahusu ili wafiwa wapumue. Mama mmoja mnene akaniambia kwa upole kabisa kwamba nimefanya vizuri, nina malezi, na wao wameshamsamehe Kondo kwa ajili yangu. Wakawa tayari kuniletea chai.

Nakiri kwako, kwa muda mfupi nilitamani kuipokea ile chai. Kila mtu alikuwa anacheka, Mzee Kondo amesamehewa, mimi nasifiwa malezi. Lakini amesamehewa kosa asilolifanya, na yeye yuko nje juani. Niliweka kisu chini, nikapiga magoti mbele ya Bi Tatu, nikamwambia:

"Bi Tatu, naomba utani ukae pembeni. Sikutumwa na mtu. Nisikilize kama vile mimi si mtani wako."

Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Kulikuwa na kazi mbili, zote nimeziacha ziitwe pima, moja ya joto na moja ya unyevu. Nilipoziweka pamoja moja ikafunika nyingine, kwa hiyo ile sitini na moja ilikuwa unyevu, na mashine ikadhani ni moto ikazima joto. Kompyuta iliniambia, nikawa nimeiziba mdomo. Kondo alibeba tu kadi niliyompa. Na nilipojua, nilinyamaza siku nzima yeye akitukanwa.

Bi Tatu hakunitazama kwa huruma, sitakuficha. Akauliza jambo moja tu, "Kaka yangu alijua?" Nikasema hakujua, hata yeye alidhani ni kosa lake. Akasimama, akafunga kanga vizuri, akatoka nje. Tulimsikia anasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita mtu mezani, "Kaka, mbona umesimama juani kama mgeni? Ingia, shemeji zako wanakungoja." Mzee Kondo aliingia anajifuta uso kwa kofia, akasema vumbi la njiani. Hakuna aliyemtania kwa hilo.

Mayai yalitotoa wiki hiyo. Si yote. Yaliyokuwa chini ya kuku yalitoka vizuri, ya ndani ya mashine yalipona mengi lakini trei nzima ya pembeni ya mlango, pale walipokuwa wanapepea, haikutoa hata kifaranga kimoja. Niliomba ruhusa nikaenda tena siku ile, nikakaa na Bi Tatu tunayapasua moja moja kuhakikisha. Vifaranga vilikuwa vimekamilika, na manyoya yao. Tukayafukia nyuma ya banda, na nililia, na Bi Tatu aliniacha nilie mpaka nimalize ndipo akanipa maji ya kunawa.

Baada ya hapo ndipo akina mama waliporudisha utani, kwa maana sasa walikuwa na haki nao. Wamenipiga faini. Kila wakitotolesha, mpagazi aje kuosha trei zote kwa mkono mpaka mwaka uishe, na pia alete asali ya kwao Tabora, dumu moja, nyeusi, isiyochanganywa na maji ya sukari. Kuosha nimeshaanza. Hilo la asali nakuletea wewe, Mama. Mwambie Mjomba Masanja, mlina asali wetu, anitolee ile ya misitu ya Sikonge, na mwambie sababu, najua atacheka wiki nzima kwamba Wazaramo wametukamata.

Mama Koku naye alitoa jibu lake. Hakunifukuza, na hakuniajiri moja kwa moja pia. Ameniongezea miezi mitatu ya majaribio. Nimeona ni haki, na nafanya kazi kwa moyo mweupe kuliko nilivyofanya kabla. Sasa tukianza kurushiana maneno, mimi na Mzee Kondo, yeye hafungi tena mlango. Anatoka anauliza, huo ni utani au ni kweli? Tunamjibu, naye anarudi kukaa.

Maonyo nimeyafungua yote. Zaidi ya hapo, jioni tatu nimekaa na Mzee Kondo, mimi natafsiri yeye ananirekebishia Kiswahili changu cha bara, mpaka programu sasa inatoa maonyo yake kwa maneno ambayo kila fundi anayasoma. Alhamisi iliyopita nilikuwa ng'ambo ya karakana nafunga feni nikasikia ananiita. Alikuwa amevaa miwani, kidole kiko kwenye kioo, anasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza kwamba jina la ile kazi ya zima limetajwa mara mbili. Akaniambia, "Mpagazi, njoo uone. Hili sasa ni la kwangu kweli." Nikaenda nikaketi karibu naye, tukalirekebisha pamoja.

Nisalimie Baba, mwambie avae sweta asubuhi, asijifanye kijana. Nisalimie Dada Kabula, fundi cherehani wetu, gauni lake nimelivaa kanisani leo na watu wameuliza limeshonwa wapi. Bibi mzaa mama mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu, umpazie sauti akikusikia vibaya. Kaka mwambie bati, bati, bati. Na Mjomba Masanja usimpe barua hii aisome mwenyewe, ataitangaza mnadani.

Mzee Kondo anakupa shikamoo, anasema wewe ni mama mkwe wake hata kama hujui. Nimemwambia kwetu hatuozeshi mabinti kwa wacheza ngoma. Yuko hapa mlangoni ananingoja, tunakwenda Msimbu, leo wanatoa vifaranga vipya na Bi Tatu ametuma ujumbe kwamba nisije na viatu nivipendavyo.

Mimi binti yako, niliyekudanganya mafua,
Monika